Unyayo Uliobaki Jumba la Mgiriki

Siku yenyewe ilianza kwa vitumbua. Dada yangu Mwasiti aliamka akakaanga vitumbua vya kubeba, akavipanga kikapuni na kuvifunika kwa kitambaa cha maua, na nyumba nzima ikanukia iliki. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Juni, mwaka sabini na tano, nasi tulikuwa tunakwenda kutembea Jumba la Mgiriki.

Mimi ni Mwanne, mdogo wake wa kufuatana naye. Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne na chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoeleza nikikaa barazani. Ulimi wangu hupenda kuongeza chumvi, Mungu anajua na mimi najua, lakini katika haya sikuongeza hata punje. Natamani ningekuwa nimeongeza.

Wakati ule niliishi kwa dada hapa Shinyanga mjini. Mumewe, shemeji Hatibu, alikuwa fundi cherehani barazani kwa Mhindi. Walikuwa na watoto wawili: Chausiku, msichana wa darasa la tano mwenye maneno kama kungwi wa harusi, na Sabiti, wa miaka minane. Sabiti alikuwa na kasoro moja. Alipokuwa mdogo alipakiwa nyuma ya baiskeli ya baba yake, mguu wa kulia ukaingia kwenye spoki, kidole cha mwisho kikaondoka. Jeraha lilipona na mtoto akakimbia kama wenzake. Tofauti uliiona vumbini tu. Unyayo wa kushoto vidole vitano, wa kulia vinne.

Ua wetu ulikuwa wa mchanga, umezungushiwa minyaa, na aliyeufagia kila asubuhi ni Chausiku. Naomba mlikumbuke hilo. Siku zile dada Mwasiti hakuwa mtu wa kushika ufagio.

Jumba lenyewe liko nje kidogo ya mji. Mgiriki aliyelijenga alikuwa mkulima wa pamba aliyependa bunduki. Kila alichokiua alikichuna, akakijaza majani makavu, akakitia macho ya kioo. Alipoondoka nchini aliviacha vyote, na wakubwa wa mji wakaligeuza jumba kuwa nyumba ya kutazamia viumbe: mafuvu, ngozi, mayai ya ndege, nyoka ndani ya chupa, mawe ya kumeta kutoka Geita. Watu wa vijijini hawakuingia mle. Sisi watu wa mjini tuliingia, tena na vikapu vya chakula.

Likizo ile palikuwa na mwalimu kijana, Klara, msichana wa Bukoba mwenye kicheko cha haraka. Yeye ndiye aliyeanzisha michezo ya familia kila Jumamosi. Watoto walifungwa macho wakapapasa ngozi na kubahatisha: huyu swala, huyu nyani, huyu kanga. Kina mama walishindana kupanga mifupa ya mbuzi irudi kuwa mbuzi, na dada Mwasiti akashinda, maana mbuzi wa Idi alimfahamu kipande kwa kipande. Tulicheka sana. Palikuwa na mtoto mmoja wa kambi ya reli, Marselino, mtundu, aliyekuwa akitia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi kila mtu alipokosea. Yeye na Sabiti walifanana kimo, wakashikana mikono siku nzima kama waliozaliwa pamoja.

Shemeji Hatibu alizunguka akikagua mishono ya wanyama.

"Huyu Mgiriki alibahatika," alisema. "Mimi nawashonea walio hai, kila siku lawama. Wateja wake hakuna aliyemrudishia suruali."

"Walishonwa na mimi," alisema mzee mmoja nyuma yetu. Huyo alikuwa Mzee Januari, mlinzi wa jumba, aliyekuwa mchuna ngozi wa Mgiriki tangu ujana. "Mgiriki alikuwa anapiga tu. Sindano ilikuwa yangu."

"Basi shikamoo, fundi mwenzangu. Huyu swala paja umelivuta."

"Marahaba. Alikuwa na paja bovu."

Wakacheka wote wawili. Wakaingia chumba cha ndani, nasi tukafuata. Kilikuwa na dirisha dogo juu, na harufu ya ile dawa nyeupe ya kufukuzia nondo ilikaba koo. Mle alisimama fisi. Si mkubwa. Alisimama kama anayesikiliza. Hatibu akainama, akampapasa tumboni, akapapasa na mgongo, akaja shingoni. Akarudia tena. Ile kazi mikono yake iliijua, haikuhitaji macho.

"Mzee Januari. Huyu umemfunga wapi? Siuoni uzi."

"Huyo hakupita mikononi mwangu. Aliletwa kutoka upande wa Mhunze, akiwa hivyo hivyo."

"Sasa nani alimshona?"

Mzee Januari alikuwa ameshaugeukia mlango. "Sijasema ameshonwa," alisema.

Tulitoka. Kwenye baraza mwalimu Klara alikuwa ameandaa mchezo wa mwisho, aliouona bora kuliko yote. Udongo wa mfinyanzi kutoka bonde la Mhumbu ulikuwa umesawazishwa kuwa vigae laini. Juu ya meza palikuwa na alama za miguu ya wanyama, pundamilia, swala, fisi, naye akataka kila mtoto akanyage kigae chake kwa mguu wa kulia, ili walinganishe mwendo wa mtu na wa mnyama.

"Fisi ana vidole vingapi?" aliuliza.

"Vinne," watoto wakajibu.

"Kama Sabiti," akasema Marselino, akapiga mluzi.

Watoto wakaangua kicheko. Fisi, fisi. Sabiti hakukasirika, alikuwa mtoto mwenye moyo mweupe. Akainua shingo akalia kama fisi, uuuu-wi, akakanyaga udongo, na vidole vyake vinne vikakaa pale wazi kama muhuri.

Mzee Januari alikuwa anapita na ndoo. Akaitua chini.

"Mbiti haitwi," alisema, kwa lile jina la Kisukuma la fisi. "Siyo humu ndani."

"Ni mchezo tu, mzee wangu," alisema Klara.

 Mzee alikuwa anatazama mlango wa chumba cha ndani, ambao tuliufunga wenyewe tulipotoka. Ulikuwa wazi kiasi cha upana wa mkono.

Vigae viliachwa vikauke. Tulirudi nyumbani kwa miguu, watoto wana udongo mpaka magotini. Jirani yetu Mama Mabula, Mkristo wa watu, jina lake Paskalia, alikuwa anaanika mihogo upande wa pili wa minyaa.

"Mmetoka kufinyanga, mayu?" alimuuliza dada. Mayu kwao ni mama.

Chausiku akamweleza yote, kwa madaha. Mama Mabula akaacha kuanika.

"Na unyayo mkauacha huko huko?"

"Umeshaingia kwenye udongo, Mama Mabula," dada alisema. "Utarudi nao vipi?"

"Mtu anasahau kanga kwa watu. Anasahau hata mtoto. Unyayo hausahauliwi, Mama Chausiku. Mimi nikitoka shambani kwa mtu nauburuza mguu, nafuta."

Hakuna mtu wa nchi hii asiyejua alichomaanisha. Mwenye nia mbaya huzoa mchanga uliokanyagwa na mtu, na kwa mchanga ule humpata mwenyewe. Lakini shemeji Hatibu alicheka, akasema hayo ni mambo ya shamba, sisi tuna Mungu. Kweli tuna Mungu. Nami nikacheka pamoja naye.

Siku chache baadaye Chausiku alikuwa anafagia ua. Akaacha ufagio akamwita mama yake.

"Mama, mwambie Sabiti aache kuruka kwa mguu mmoja. Ananichafulia ua."

"Mimi siruki," alisema Sabiti kutoka kizingitini.

Tukatazama mchangani. Palikuwa na unyayo wa kushoto. Mbele yake wa kushoto. Mbele tena wa kushoto. Katikati, pale ulipotakiwa kuwa wa kulia, mchanga ulikuwa laini.

"Njoo," dada alimwambia. "Tembea kwa mama."

Mtoto akatembea. Jua lilikuwa limeshatoka, tuliona vizuri. Mguu wa kulia ulishuka. Mchanga ukabonyea. Mguu ukainuka. Mchanga ukarudi ulivyokuwa, pole pole, kama maji.

 Chausiku akaanza kulia bila sauti.

Dada alimbeba Sabiti, akaupapasa ule mguu. Ulikuwa baridi. Kisiginoni palikuwa na mwiba mrefu wa mgunga, umezama mpaka mwisho, na mtoto hakuwa na habari nao. Tukauchomoa. Haikutoka damu. Mguu ulinuka ile dawa nyeupe ya nondo.

Hospitali walisema mguu ni mzima. Msikitini walimsomea, na usomaji ulimtuliza, namshukuru Mungu, alilala. Lakini alilala mchana kutwa. Alipoamshwa alisema maneno machache, kwa kunong'ona, akitazama pembeni.

"Mama, mbona mmenifungia?"

"Nani amekufungia, baba? Uko nyumbani."

"Kuna giza. Na dirisha liko juu."

Baridi ilikuwa imepanda mpaka gotini. Baada ya siku mbili ikawa pajani. Shemeji Hatibu aliacha utani. Alikaa na cherehani yake bila kuipiga, akipapasa kitambaa, anarudia na kurudia, kama alivyompapasa yule fisi.

Mama Mabula hakutusuta. Alikuja akakaa chini na dada. "Udongo wenyewe urudi," alisema. "Uvunjwe, uloweshwe, mtoto asimame ndani yake, arudishiwe mguu wake. Lakini unyayo uliochukuliwa hautazamwi na mtu, mayu. Ukiutazama unauonyesha njia ya pili ya kuondoka. Ufungwe kwenye kitambaa, upondwe humo humo."

Najua dini yetu inasemaje kuhusu mambo haya. Nilijua siku ile pia. Nilimtazama dada, nikamwona mama mwenye mtoto anayepoa kuanzia chini kwenda juu, nikavaa buibui langu nikamfuata.

Tulifika jumbani adhuhuri, si siku ya michezo. Mwalimu Klara alitupokea kwa furaha. Dada akamwomba kigae cha mwanawe.

"Ah, mama, mbona mapema. Kuna maonyesho mwisho wa likizo. Na nimeshavichoma kwenye tanuru la matofali, vyote. Sasa havitafutika, hata miaka mia."

Dada alishika ukuta. Udongo mbichi ukiutia maji unarudi kuwa udongo. Uliochomwa haurudi. Klara hakufanya ubaya. Alitaka tu watoto wetu wadumu.

Alipokwenda kula, Mzee Januari alituita kwa mkono. Akatufungulia chumba cha ndani.

"Nafagia humu kila asubuhi," alinong'ona. "Nafunga. Nikifungua mchana nakuta hivi."

Sakafu ilikuwa na vumbi jepesi. Juu ya vumbi palikuwa na unyayo mdogo wa mguu wa kulia. Vidole vinne. Mbele yake mwingine, wa kulia. Zilizunguka chumba. Kando yake, sambamba, zilizunguka nyayo za fisi.

Fisi alisimama pale pale. Miguu yake ilikuwa na vumbi.

"Mzee, nipe cha mwanangu," dada alisema. "Nipe, nitakupigia magoti."

"Usipige magoti humu. Kipo chumba cha pili, mwisho wa rafu ya chini. Nilikiweka kwa mkono wangu, pembeni ya cha yule mpiga mluzi, maana walikuwa marafiki."

Akaingia. Na yeye alikuwa mtu wa nchi hii, alijua kwamba unyayo hautazamwi. Tulimwona kwa mgongo, kichwa amekigeuzia ukutani, mkono unapapasa gizani. Akakifungia kwenye kipande cha gunia, akampa dada.

"Kilikuwa mwisho wa rafu," alisema. "Kidogo. Cha mtoto."

Hakuna aliyefungua gunia. Si yeye, si dada, si mimi. Tulifika nyumbani, tukakitia kwenye kinu na gunia lake, tukapokezana mchi. Kilikuwa kigumu. Kilipopasuka kilitoa sauti ndogo, kali. Nilidhani ni kigae. Baadaye Chausiku aliniambia ilifanana na mluzi.

Unga wake tukautia beseni la maji. Sabiti akasimamishwa humo, mama yake akamshika kwapani, akisoma Alhamdu na machozi yakimtoka. Maji yakawa mekundu ya tofali. Jioni mguu ulikuwa na joto. Alikula ugali wote akaomba na wa dada yake.

Asubuhi Chausiku alipiga kelele ya furaha uani. Nyayo mbili, kushoto na kulia! Nilitoka mbio. Dada Mwasiti alikuwa ameshafika, ameinama juu ya mchanga, ametupa mgongo. Alikaa hivyo muda. Kisha akamnyang'anya Chausiku ufagio, akafuta, haraka haraka, mpaka pasibaki kitu.

"Kuanzia leo nafagia mimi," alisema.

Nilifikiri ni shukrani ya mama, kila mtu ana yake.

Siku ile ile habari zikaja mjini. Marselino wa kambi ya reli amefariki. Alikuwa anacheza kivulini, akakaa, akasema miguu ina baridi. Haikuchukua hata mchana. Dada alikwenda mazikoni, ingawa wale hatukuwazoea na dini zetu ni mbalimbali. Alilia kuliko mama wa mtoto. Watu waligeuka kumtazama.

Matanga yalipokwisha alinishika mkono twende jumbani. Nilidhani anakwenda kumshukuru mzee. Tulikuta milango imefungwa kwa mnyororo. Klara alikuwa amerudishwa kwao, Mzee Januari amehamia Segese kwa wanawe. Tukachungulia dirishani. Rafu ya vigae ilikuwa tupu. Wanyama wote walikuwapo, wamesimama kwenye vumbi, isipokuwa mmoja. Mahali pa fisi palikuwa safi, pamefagiliwa.

Miaka ikapita. Sabiti akakua, kijana mzuri, mcheshi. Alivaa viatu muda wote, hata ndani, na mama yake akiviangalia kama wengine wanavyoangalia sala za watoto. Siku moja nilimsikia uani anapiga mluzi, vidole viwili mdomoni. Nikamuuliza nani alimfundisha. Alisema amejikuta anajua.

Shemeji Hatibu alitutangulia mwaka themanini na mbili, Mungu amrehemu. Chausiku akaolewa Tabora. Sabiti akaenda Geita kuchimba dhahabu, anakuja mara moja moja na zawadi. Dada na mimi tukabaki na ua wetu. Na kila alfajiri, kabla ya adhana, nilisikia ule ufagio. Homa ikimshika alifagia. Sikukuu alifagia. Wanawake walimtania: Mama Chausiku, unamfagilia nani, mume alishalala? Alicheka nao. Hakuacha. Alianzia mlango wa chumba cha Sabiti, akaishia kwenye pengo la minyaa.

Mwaka jana alianguka na ufagio mkononi. Aliishi mpaka magharibi.

Sabiti alifika kwa lori la mchanga, akawahi kumzika mama yake. Jioni, watu wamepungua, alivua viatu achukue udhu kwenye saruji ya bombani. Nilikuwa nimeshika kopo. Alinyanyuka akapiga hatua mbili. Saruji ilikuwa kavu na nyayo zake zikabaki, mbichi, zinameremeta.

Mguu wake wa kulia una vidole vinne. Niliutazama. Unyayo wake ulikuwa na vitano.

"Mama mdogo," alisema kwa sauti ya chini. "Usivihesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya beseni. Mama aliona asubuhi yake. Akanikataza kuvua viatu mbele za watu."

"Ni wa nani?"

Alitia vidole viwili mdomoni. Hakupiga. Alivitia tu, akanitazama, kisha akavitoa akaenda kuswali.

Ndipo nilipoelewa kwamba kigae tulichokiponda kwenye kinu hakikuwa cha Sabiti, kilikuwa cha yule mpiga mluzi. Nilipiga magoti chumbani nikashindwa hata kuanza dua.

Alfajiri ilikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichoniamsha. Nikatoka. Ua haukuwa umefagiliwa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka sabini na tano.

Kutoka kwenye pengo la minyaa, unyayo mdogo. Wa kulia. Vidole vinne. Mbele yake mwingine, wa kulia. Wa mtoto wa miaka minane. Zilikuja moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha Sabiti, zikasimama, vidole vikielekea mlangoni. Hapakuwa na za kurudi. Nje ya minyaa palikuwa na nyayo za fisi, zimemsindikiza mpaka hapo, zikageuka.

Dada yangu aliijua hiyo hesabu kila alfajiri. Kilikuja, akakifuta. Kilikuja, akakifuta. Mguu wa mwanawe mwenyewe ulikuwa unatafuta mlango, naye akiufukuza kwa ufagio, kwa sababu aliyekuwa amelala ndani, mzima, mwenye joto, alikuwa ni mwanawe pia.

Nikachukua ufagio. Mlango ukafunguka. Sabiti alisimama kizingitini na viatu vyake, akatazama chini.

"Kumbe bado kadogo," alisema.

"Ingia ndani, baba. Nafuta."

"Usikafute, mama mdogo. Kamechoka." Akauinua kidogo mguu wa kulia. "Na huyu mwingine naye anataka kwao. Namsikia usiku."

"Mama yako alikufa anakifuta hiki."

"Alikufa, ndiyo."

Nilisimama na ufagio kutwa nzima, nawaambieni. Watu wa matanga walidhani ni majonzi. Jioni nikauegemeza ukutani. Sikuwa na haki ya kufanya alivyofanya dada, wala sikuwa na moyo wa kutofanya. Nikamwachia Mungu, na pengine lilikuwa jina zuri la uoga tu.

Asubuhi chumba kilikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa. Viatu vyake viko chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine.

Mchangani palikuwa na nyayo za mtu anayeondoka. Zilitoka mlangoni, zikapita uani, zikaishia kwenye pengo la minyaa. Kushoto, unyayo mpana wa mwanamume. Kulia, unyayo wa mtoto wa miaka minane, vidole vinne. Kushoto mkubwa. Kulia mdogo. Hatua zilikuwa sawa, wala hazikuchechemea.

Geita hakufika. Wenzake wa shimoni waliuliza mpaka Buseresere. Chausiku alikuja kutoka Tabora, akalia, akarudi.

Ndani ya chumba, juu ya saruji, kando ya kitanda, umebaki unyayo mmoja. Wa kulia, wa mtu mzima, vidole vitano. Ni mbichi. Nimeusugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Ukifutwa haukauki. Vidole vyake vimeelekea upande wa stesheni, iliko kambi ya reli.

Mama yake Marselino bado anaishi kambi ya reli. Huuza maandazi asubuhi, nami hununua kwake, tunasalimiana. Jana aliniuliza mbona siku hizi namtazama sana miguuni. Nilimlipa nikaondoka. Sijui kama nimwite aje autazame.

Ufagio uko pale pale ukutani. Hakuna aliyeugusa.